Kilomita ya Hamsini na Nne

Nyemo yuko Manyoni, mimi Dodoma,
kati yetu unywele mmoja wa kioo.
"Nimewasha," namwambia kwa simu.
"Umefika," anajibu, "ila umechoka."

Umbali tuliusamehe:
njia hula mwanga, kila kilomita tonge.
Viungo thelathini, kila kimoja kimedokoa chake.
Bado hesabu ilikataa.

Nikafuta ncha kwa pamba na spiriti.
Vumbi la Dodoma, lile lisiloonekana,
lilikuwa limeketi mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga.
"Afadhali," akasema Nyemo. "Lakini bado."

Mashine ikachora mteremko;
mstari ukaanguka kilomita ya hamsini na nne,
karibu na Bahi.

Tukafukua.
Uzi mzima, haukukatika popote.
Umekunjwa tu chini ya jiwe
na mtu aliyekuwa na haraka ya kufukia.
Hapo kwenye kona mwanga ulikuwa ukimwagika
kimya, udongoni, mwaka mzima.

Nikautazama ule mkunjo.
Utepe mwekundu. Fundo la mkono wa kushoto.
Fundo langu.

Nikaulegeza.
"Sasa unang'aa!" Nyemo akacheka. "Ilikuwa nini?"

"Jiwe," nikasema.