Rupia Elfu Kumi na Nane

Wakiniuliza kazi yangu nasema: nauza katikati.
Juu yangu kabati la kufuli, na taa yake;
chini, kapu la vitochi.
Nami nimesimama hapa Gandhipuram, Coimbatore,
kwenye rafu ya usawa wa kifua,
mtu anapochungulia juu, akashusha pumzi,
kisha akagusa.

Kampuni imetukaririsha:
kamera nne, kioo laini, chaji ya kasi ya radi.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Basi mbona nimeajiriwa?

Palanisamy alikuja na vumbi la mawe nyusini.
Miaka ishirini na sita anachonga mawe ya kusagia mchele.
Akaweka kidole gumba. Simu ikatikisika: hapana.
Cha shahada. Hapana.
Cha mwisho, hapana.
Jiwe limeshamlamba chapa zote.
"Itakufungukia kwa uso," nikamwambia.
"Natoka kazini mweupe kama unga. Itanijua?"
Alitaka betri ya siku mbili, na kitu kinachojua kudondoka.
Ile yenye mgongo wa kioo alinirudishia kwa mikono miwili,
kama kichanga cha wenyewe.

Bi Rukmani hakuuliza kasi wala kumbukumbu.
Aliigeuza juu, chini, ubavuni,
kama anayetafuta jeraha kwa mtoto asiyesema.
"Tundu la waya wa masikio liko wapi?"
Halipo siku hizi, bibi.
"Nani aliliziba?"
Nikamwonyesha vile visivyo na waya, bei yake robo ya simu.
"Waya ukiniponyoka naufuata naupata.
Hivi vikidondoka basini, nimfuate nani?"

Naye Kathiravan, mwanafunzi, alizihesabu kamera kwa ukucha:
"Hii inapiga picha. Hii inajaribu.
Hizi mbili ni macho ya mdoli."
Nilitazama dari.
Itasasishwa miaka mingapi? Miwili.
Akanitazama kama niliyemuuzia maziwa ya juzi.
"Na hizi programu kumi na tisa, kamari, mikopo ya papo hapo,
nani kazialika?
Nimenunua nyumba nikakuta wapangaji,
na kumbe siruhusiwi kuwatoa."
Akalitikisa sanduku. Jepesi. Chaja haimo.
Akainunua hata hivyo, kwa awamu sita,
akiilaumu mpaka mlangoni.

Lakini wa leo ndiye aliyenikalisha kitako.
Poongodi, anaolewa mwezi ujao.
Alijipiga picha kando ya dirisha
na simu ikamwosha.
Ikamsugua mashavu, ikamng'arisha paji,
ikamwazima pua ya mtu.
Nikaanza yangu ya kukariri: "Tazama ulivyo..."
"Nani huyu?"

Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima urembo.
Bado ikampausha kidogo, kwa mazoea tu,
kama shangazi asiyeweza kunyamaza harusini.
Tukajaribu ya pili. Ya tano. Ile ya zambarau.
"Mama yangu alikuwa na rangi hii," akasema.
"Amekufa nayo. Atakayeitazama picha yangu
nataka amwone."

Nikatoa yangu mfukoni,
ya miaka sita, ufa kona ya kushoto,
tundu la waya limejaa pamba.
Nikampiga.
Akatokea: mweusi wa kokwa ya ukwaju,
jasho la Aprili juu ya mdomo,
na mtu mwingine nyuma ya macho yake, anamfanana.
"Hii bei gani?"
Haitengenezwi tena, nikasema.
Nikamtumia picha. Akaondoka na mfuko mtupu.

Jioni meneja hutaka fomu ijazwe:
*Sababu ya mteja kutonunua.*
Viboksi ni vinne tu.
Bei. Chapa. Atarudi. Rangi.
Walimaanisha rangi ya simu, najua.
Nikaweka alama hapo,
nikaikoleza kalamu
mpaka karatasi ikatoboka.