Herufi Moja, Mwanjelwa

Subilaga alipiga simu kutoka Dodoma:
"Mnunulie mama vitamini E, ngozi inampasuka.
Mimi nimetuma hela, wewe tuma akili."
Ndivyo alivyo dada yangu. Hela yake, akili yangu,
na baridi ya Juni ni ya mama peke yake.

Nikatoka kiwandani mashine ikiwa bado ya moto,
mashudu ya alizeti yamenasa viwikoni,
nikaingia duka la dawa la Ambwene
nikidhani E ni E, kama chumvi ni chumvi.

Akapanga chupa nne juu ya kioo.
"Hii ya asili, imetolewa kwenye mmea. Hii ya maabara.
Hii mseto. Na hii ya matone, kwa wasiomeza."
Ya asili ina bei ya debe la viazi.
Ya maabara, bei ya sado.

"Tofauti yake?"

Akanigeuzia vibandiko.
Hapa wameandika d.
Hapa wameandika d, halafu l.
Herufi moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti,
imeteremsha bei yote ile.

"Fikiria glavu," akasema. "Ya maabara ni kapu
la glavu za kulia na za kushoto, zimechanganywa.
Mwili unachambua. Unavaa zinazoingia,
zilizobaki unazitupa."

"Na mseto?"
"Mseto ni ukoo. Alfa, beta, gama, delta,
na wengine wanne ambao hakuna anayewauliza.
Chupa nyingi zinamwita kifungua mimba tu,
kama kwenye kikao cha mahari;
wadogo wako nyuma, wanaosha masufuria."

Nikacheka. Kwetu mimi ni wa tano.

"Na alizeti yangu, je?"
"Imo. Hata parachichi la Rungwe, imo.
Ila dada yako hakutuma hela ya parachichi."

Nikaishika ile ya asili, nikaielekeza dirishani.
Vidonge viling'aa kama mafuta yanavyong'aa
yakitoka chujioni, kabla hayajatulia.
Nikajiona nimekwisha chagua.
Nikajiona mtoto mwema kwa elfu kadhaa za Subilaga.

"Mama anameza nini kingine?"

Nikamtajia. Kile cha presha, asubuhi.
Na kile kidogo cha jioni, cha kulainisha damu,
tangu mguu ule ulipovimba mwaka juzi
tukamlaza Rufaa siku kumi na moja.

Ambwene hakunijibu.
Alianza kurudisha chupa rafuni.
Matone. Maabara. Mseto.
Ya asili akanitoa mkononi taratibu,
akaitazama bei, nikaona inamuuma,
nayo akairudisha.

"Damu iliyokwisha kulainishwa
usiiongezee msaidizi kienyeji.
Kliniki yake lini?"
"Alhamisi."
"Muulizeni daktari Alhamisi. Mimi sihami."

Nikanunua kopo la mafuta ya mgando
nikapanda nalo Ilemi kwa miguu,
ukungu umeshuka hadi kwenye mabati,
d na l zikinizunguka kichwani
kama majina ya mapacha nisioweza kuwatofautisha.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi,
nyufa za vidole zimejaa udongo
ambao maji hayaupati.
"Amekuuzia nini huyo mtoto wa Mwakalinga?"
"Swali."
"Kwa bei gani?"
"Bure."
"Basi feki hilo," akasema, akaweka kisu chini.

Nikaketi kwenye kigoda, nikafungua kopo.
Nikampaka mkono wa kulia, ufa kwa ufa,
hadi moshi ukatutoa machozi sote wawili.
Simu ikaita mfukoni. Subilaga, bila shaka:
umenunua ipi?
Viganja vyangu vilikuwa vinateleza. Nikaiacha iite.

Mama akanipa wa kushoto.