Karatasi ya Lifti

Lifti ya jengo letu hapa Tbilisi hula sarafu,
lakini Aprili ile ilishinda njaa:
nani apande, aende wapi?
Ndipo Lamara wa ghorofa ya sita akabandika karatasi mlangoni pake,
na kalamu akaifunga kwa uzi, kama mbuzi.

"Nani ana hamira? Nitalipa kwa asali."
Chini yake: "Ninayo. Ila kalamu moja mnaishika wote, mna akili?"
Chini yake: "Basi njoo na yako, Nugzar."
Nugzar akaja na yake, nyekundu,
akasahihisha tahajia zetu sote.

Tulibishana juu ya kitunguu saumu, juu ya siki,
juu ya nani anayekohoa usiku ghorofa ya nne.
"Ni mimi," mtu akaandika, herufi ndogo kama chawa.
"Ni sigara tu. Nadhani."
Siku mbili kalamu ilining'inia bure.

Kisha kizingitini pa ghorofa ya nne vikaanza kuota vitu:
supu ndani ya chupa ya jemu, ndimu tatu,
soksi za sufi,
kipimajoto chenye kikaratasi: "Kirudishwe."

Jumanne kikohozi kikakoma.
Nilitega sikio ukutani hadi alfajiri.
Nani huomba kusikia kikohozi?
Mimi niliomba.

Alhamisi, mstari mpya, penseli inayotetemeka:
"Supu aikukolea chumvi."

Nugzar alisimama pale kitambo, kalamu mkononi.
Ile "h" hakuirudisha.