Maji ya Nambari Kumi na Nne

Kila Februari maji huingia gereji ya Hefin Probert.
Hayabishi hodi. Hupenya chini ya zege,
yakalowesha maboksi ya Krismasi, kinanda cha marehemu mkewe,
baiskeli ya mjukuu aliyekwisha kuhamia Bristol.
Fundi wa kwanza alilaumu bomba.
Wa pili alimlaumu wa kwanza.
Halmashauri ikaleta kijana na mashine inayolia kama chura;
akaandika "unyevu" kwenye fomu, akanywa chai, akaenda.

Mimi ni karani wa Rhiwonnen, siku mbili kwa wiki.
Ofisi yangu iko nyuma ya ukumbi,
kati ya viti vya kukunja na masanduku ya kura.
Hapa si kijiji tena, na mji haujatukubali.
Cardiff ni dakika ishirini kwa basi, basi likija.
Kaskazini mlima, kondoo, nguzo za umeme;
kusini barabara kuu, inayosaga meno usiku kucha.
Siku ya anga safi, panda hadi makaburi ya juu:
utaona utepe wa bahari, na ng'ambo yake Uingereza,
jirani anayechungulia juu ya ua.

Palikuwa na mgodi. Ulidumu miaka thelathini na mmoja,
ukameza wanaume tisa asubuhi moja ya Novemba,
ukafungwa kwa hasara.
Reli iliyoshusha makaa sasa ni njia ya mbwa na wenyewe.
Kanisa la Ebeneser ni nyumba nne za kupanga;
chini ya mwaka uliochongwa kwenye jiwe
mtu ameanika soksi.

Na palikuwa na shamba.
Mererid Pugh alizaliwa humo, mwaka wa thelathini na nane.
Leo anaishi nambari tatu, mtaa ule ule,
na hupenda kuwatisha wageni:
"Kitanda changu kipo pale Seren alipozalia ndama."
Seren alikuwa ng'ombe. Huwa hasemi mpaka aulizwe.

Nilikunjua ramani ya zaka kwenye boneti ya gari la Hefin,
ile ya mwaka elfu moja mia nane arobaini na moja,
enzi ambayo kila kipande cha ardhi kilikuwa na jina
kama mtoto aliyebatizwa.
Kidole changu kikatua nyumbani kwake: Cae Ffynnon.
"Ndiyo," akasema, "jina la mtaa. Liko pale ukutani."
Liko pale, naam, kwa lugha mbili.
Juu, Kiwelisi, alichochapwa nacho babu yake shuleni
hata asimwachie mwanawe neno.
Chini, Kiingereza, ambacho neno lake moja
hubeba chemchemi na majira ya machipuko pamoja.
Wanunuzi wote tisini walidhani ni maua.

Miaka thelathini amepita chini ya kibao kile na mifuko ya sokoni.
Jibu lilikuwa limepigiliwa misumari.

"Nilimwambia mjenzi," Mererid akapaza sauti kutoka dirishani,
kwani hakuna linalompita.
"Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Akanipa kalenda."

Hefin hakucheka. Alikaa juu ya kopo la rangi,
akayatazama maji yakizunguka kiatu chake,
safi, baridi, bila haraka,
kama mwenye nyumba aliyerudi safarini.
Jumamosi alikodi mashine, akakata mfereji sakafuni,
kutoka ukuta hadi mlango.
Sasa yanapita. Kinanda kimehamia sebuleni,
na noti tatu za chini bado zimenyamaza.

Leo asubuhi kuna bahasha mezani kwangu:
nyumba sitini, uwanja wa mwisho kabla ya mlima, Cae'r Gors.
Shamba la Kinamasi.
Mjenzi amelipenda jina, atalitundika langoni.
Ameniuliza linatamkwaje.
Hakuniuliza lina maana gani.

Nimemjibu hilo la pili kwanza,
kwa herufi kubwa,
na nakala nimempelekea Mererid.