Kisanduku cha Saba

Sheria imefika Koboko kwa pikipiki,
bahasha ya kaki imelowa upande mmoja,
kurasa sitini na nane, na muhuri.
Mimi Lemi, katibu wa kamati ya shule,
naambiwa niifasiri kabla ya Jumamosi
kwa kuwa nilikulia ukimbizini, Aru,
na Kiswahili changu, wanasema, kina mifupa.

Nimefasiri hadi taa ikalia kwa kukosa mafuta.
Bodi nimeiacha bodi.
Uwajibikaji nimeutamka mara tatu peke yangu,
mke wangu akauliza ninamwombea nani.
Penye wadau niliandika wenye uchungu na shule,
nikafuta,
nikaandika tena.

Jumamosi wazazi wamejaa darasa la tano,
magoti yao yamekwama kwenye madawati ya watoto.
Nikasoma: mwalimu mkuu asishike mfuko wa shule.
Mwalimu Duku akatazama saa yake,
saa ambayo sote tunajua ilitoka wapi.
Mtu mmoja akakohoa, na hakuwa na kikohozi.
Nikasoma: choo kimoja kwa watoto arobaini.
Tunavyo vitatu kwa mia sita,
na kimoja ni cha popo.
Nikasoma: mtoto yeyote asirudishwe nyumbani
kwa pesa ya uji, ya karatasi, ya mtihani, ya mlinzi.
Hapo walipiga meza,
hata waliokuwa wamesinzia.

Keji mpishi alikuwa amesimama mlangoni,
mwiko mkononi, uji ukimdondokea mguuni.
"Katibu," akasema, "hiyo inarudi nyuma?"

Wakacheka. Walidhani ni mzaha.

Mwaka tuliorudi kutoka Zaire
hapakuwa na shule, palikuwa na turubai.
Poni, mama yake, akaonyesha kwa kidole:
kuanzia kichuguu kile hadi kijito, chukueni.
Bei yake aliitaja mbele ya watu:
mtoto wangu asome.
Hakuna aliyeandika. Nani angekuwa na kalamu?
Tulikuwa na masufuria na magodoro yaliyooza.

Mimi na Keji tulikalia tofali moja.
Darasa la tatu, siku ya orodha,
aliitwa kwa shilingi mia mbili za jengo.
Akasimama, akajipangusa vumbi,
akaniachia penseli yake, nusu kidole.
Ndiyo niliyomalizia mwaka.
Jengo lilijengwa. Limo hadi leo,
na yeye anapika nyuma yake
juu ya ardhi ya mama yake
kwa mshahara unaokuja ukitaka.

Ukurasa wa sitini na saba unajibu swali lake.
Nilikuwa nimeufasiri, kwa mwandiko mzuri.
Sikuusoma.
Nikasema, "Tutaangalia, Keji,"
neno lile lile la wakubwa wote,
nalo lilinitoka bila kukwaruza.

Jumanne akaja mkaguzi,
kijana mpole, viatu vimemeza matope ya Koboko.
Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Madarasa: manane. Uzio: hakuna.
Popo hawakuulizwa.
Kisanduku cha saba: hati ya ardhi.
Mwalimu Duku akanitazama. Nikatazama dari.
Nikachukua kalamu, nikaandika:
Ardhi ya Poni. Bei, mtoto mmoja asome.
Haijalipwa.

Mkaguzi akasoma taratibu, akajikuna sikio.
"Hapa, mzee, panataka nambari."
Mzee! Tofali lile bado naliona.
"Basi andika mia mbili," nikamwambia.
Akaandika, kwa uaminifu, tarakimu tatu,
akapuliza wino ukauke.
Kisha akauliza, "Mia mbili za nini?"

Nje mwiko uligonga ukingo wa sufuria,
na watoto mia sita wakainuka pamoja.
Sikusikia nilijibu nini.