Hamsini Zetu

Jumapili, ukingoni mwa mto Ljubljanica,
wauza vikuukuu hutandika mashuka ukungu haujainuka:
vijiko vya fedha ya uongo, nishani za jeshi lililokwisha vunjwa,
simu ya kuzungusha kwa kidole, mwanasesere wa jicho moja.
Mimi hayo siyatazami.
Nainamia masanduku ya viatu, penye makaratasi.

Natafuta noti za Oktoba ile, tisini na moja,
nchi ina miezi mitatu na ushee, haijaota hata jino.
Upande mmoja Triglav, mlima wetu wa vilele vitatu,
upande wa pili sega la nyuki, tupu, linangoja asali.
Na tarakimu: moja, mbili, tano, kumi, hamsini, mia.
Mia za nini?
Haikuandikwa.
Wakubwa walikuwa wangali wanabishana juu ya jina
na mtoto amekwisha fika, analia, anataka kunyonya.

Hata mwaka wake una kituko: noti imechapwa tisini,
nchi ikazaliwa mwaka wa pili yake.
Nepi zilikuwa kambani, mama hajashikwa na uchungu.

Mama yangu mimi, Pavla, alishona viatu kiwandani Tržič.
Siku ya mshahara alirudi na bahasha,
akazipanga juu ya kitambaa cha plastiki, akazinusa.
"Zanuka wino," akasema, "kama gazeti.
La leo husomwa. La jana hufungia samaki."
Baba alicheka, kisha akanyamaza.

Kesho yake nilitumwa mkate.
"Hamsini," alisema mwokaji.
"Hamsini nini?" Nilikuwa na miaka tisa, na ulimi.
Alijipangusa unga kwenye aproni, akatazama foleni nyuma yangu,
wanawake kumi na koti zao, wote kimya,
kana kwamba nao walikuwa wakingoja jibu.
"Hamsini zetu," akasema,
akanipa mkate wa moto nikauficha chini ya sweta.

Wenzangu wa chama, Alhamisi, nyuma ya duka la saa,
wanataka noti bikira, pembe zake wembe.
Wanazishika kwa kibano, wanapumua kando.
Zdravko anao mfululizo mzima, namba kwa namba,
kama wanafunzi mstarini asubuhi.
Albamu yangu, husema, ni wodi ya wagonjwa.

Na iwe wodi.
Hii ina doa la divai. Hii imeungwa kwa gundi mgongoni.
Hii ilifuliwa ndani ya mfuko wa suruali:
mlima umepauka, theluji imeshuka mpaka bondeni.
Noti isiyokunjwa haikununua kitu.
Ni shahidi ambaye siku ya tukio hakuwepo.

Leo Bi Milojka amenichomolea moja, ya hamsini,
kutoka katikati ya kitabu cha mapishi cha marehemu dada yake.
Pembeni, kwa penseli, herufi zimelala kama majani yaliyopigwa na upepo:
*Tončka, nimechukua mayai sita. Jumatatu.*

Hakujua Tončka ni nani.
Nilimlipa kwa noti ya siku hizi, noti yenye jina,
inayopita nchi nyingi bila kuulizwa,
na juu yake daraja la kuchorwa tu,
ambalo mchoraji hakumkusudia mtu alivuke.

Nyumbani sikuitia kwenye plastiki.
Nimeiegemeza dirishani, penseli isomeke.
Zile noti zilikuja kupata jina, zikatumika, zikazikwa na jina lao;
benki ilifunga daftari, watu wakasahau bei.
Lakini mimi ninayo karatasi, na karatasi ina siku,
na kila Jumatatu, nikichemsha maji ya kahawa,
najikuta nahesabu mayai.