Lafudhi ya Mikono

Mimi ni mpasua kuni wake. Ninayoyajua
nimeyajua kwa kusimama karibu na moto
na kunyamaza.

Noemia Kurashige husema Kireno cha milima hii,
kile cha kumeza herufi za mwisho,
cha mama zetu wakigombana na kuku.
Lakini keti utazame gurudumu lake:
linaufuata mshale wa saa.
Wafinyanzi wote wa bonde hili huzungusha kinyume.
Nilimuuliza sababu. Akasema, "Lafudhi."

Mikono nayo hujifunza kusema,
na yake ilijifunzia Bizen, kwa mzee Morikage,
aliyempa ufagio mwaka wa kwanza,
na mwaka wa pili udongo, akande tu,
akande mpaka ujikunje petali kama krisanthemi,
kisha aubonde, aanze upya.
Udongo uwahi ungali maji.
Mzee aliwahi: Noemia alikuwa na miaka kumi na tisa.

Hakumsifu. Ila mara moja
alikipindua kikombe chake,
akakitazama kitako muda mrefu,
akakirudisha rafuni,
upande usio wa taka.
Aliondoka na sifa hiyo. Ameila miaka thelathini.

Kule moto hulishwa msonobari mwekundu.
Hapa tuna mkaratusi,
mti mgeni kama babu yake,
ulioletwa kwa meli ukaambiwa: ota.
Jivu lake likitua chunguni halitoi rangi ya asali
ya mzee Morikage. Latoa kijani cha kijivu,
maji ya bwawa kabla ya mvua.
Mwaka wa kwanza alilia.
Mwaka wa tatu alizibandua ukutani
picha za vyungu vya Bizen, akawashia moto.

Tanuri limelala mlimani kama nguruwe aliyeshiba.
Safari hii alimtia ndani mwanamke aliyeketi,
uwazi mtupu tumboni,
kamba ya udongo juu ya kamba ya udongo,
kimo cha mtoto wa miaka kumi.
Hakusema ni nani. Lakini nilimfahamu mama yake,
Dona Fusae, alivyobaki ameinama juu ya kabichi
hata alipokuwa amesimama kanisani.

Usiku wa nne.
Vinyweleo vya mikono yangu vimekwisha kuungua.
Akachungulia tunduni, akakawia.
"Bega limeshuka."
Nikaweka gogo chini. Nikangoja aseme tuzime.
Akasema, "Ongeza kuni. Hizo nyembamba. Kushoto."

Siku sita tulingoja lipoe.
Siku sita alikula maharage katika bakuli lililopinda,
maana mfinyanzi hulia gaeni,
hata awe amevuka bahari mbili.

Siku ya saba tulibomoa mlango, tofali kwa tofali.
Huyo hapo. Bega la kulia limezama,
shingo imelifuata, sikio limelikaribia goti,
na jivu limemtiririka mgongoni
kama jasho la mtu mmoja tu ninayemkumbuka.

Mnunuzi kutoka São Paulo, kijana wa viatu vyeupe,
akauliza kama ufa wa ubavuni utajazwa dhahabu;
amesikia Wajapani hufanya hivyo.
Noemia akasema mwalimu wake alikuwa na dawa moja ya ufa:
kuugeuzia ukutani
na kutia figili za chumvi ndani.

Kijana akacheka. Yeye hakucheka.
Aligonga bega kwa ukucha. Likajibu kwa chini,
kama mlango wa jirani unaofungwa taratibu.
"Hajavunjika," akasema. "Amechoka."

Akavua sweta lake, akamfunika,
ingawa tanuri lilikuwa bado na joto,
kisha akaniuliza
kama kuni za mwezi wa nane
nimekwisha kuzipasua.